Binamu Walipooana: Mti wa Ukoo Uuchoreje?

Kuna wanaoandika ukoo wao, wakigundua babu na bibi yao walikuwa binamu, wanafuta mstari mmoja kimya kimya. Aibu ya nini? Fungua Mwanzo 29. Yakobo anamwoa Lea binti Labani, na Labani ni kaka yake Rebeka, mama yake Yakobo. Kaoa binti wa mjomba, na Biblia haikuficha.

Sasa mchore Lawi, mtoto wao. Upande wa baba unapanda hivi: Yakobo, Rebeka, Bethueli. Upande wa mama: Lea, Labani, Bethueli. Ni yule yule! Wengi hukosea hapo, wanamwandika kama watu wawili. Mwandike mara moja tu, mistari miwili imfikie. Kwa kawaida babu na bibi zetu wana wazazi 8. Mtoto wa binamu wa kwanza atawapata 6, basi usihangaike kutafuta wawili "waliopotea".

Halafu kuna ndoa zijazo. Kanuni 1091 inazuia ndoa za ndugu wa pembeni hadi daraja la nne. Hesabu kila mtu, ukimwacha babu wa pamoja: Yakobo, Rebeka, Labani, Lea. Wanne, yaani binamu wa kwanza wamo. Askofu anaweza kuwapa ruhusa, lakini paroko atajuaje kama mstari ulifutwa? Ikiwa ruhusa ilishatolewa zamani, iandike pembeni ya ndoa hiyo, pamoja na mwaka na parokia.