Ulimi Mzima, Sauti Imechelewa

*Shangazi, mimi ni mshereheshaji. Jumamosi nilisimamia harusi kwenye uwanja wa shule, spika zikiwa zimefungwa upande wa pili kabisa. Nilipoanza kutaja majina ya wazazi, ulimi ukawa mzito, silabi zikajirudia, nikajikuta napiga kelele. Wageni wakanong'ona kuwa nimelewa, nami sinywi pombe. Mama anasema nimerogwa, niache kazi hii. Nifanyeje?*
*Mshereheshaji, Morogoro*

Mwanangu, iliniuma kusoma kwamba ulisingiziwa ulevi. Hukulewa, hukurogwa, na kazi usiache.

Mtu akisema, sikio lake huusimamia ulimi: neno hutoka, hulisikia papo hapo, huku akiendelea. Sasa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika zikiwa mita 70 kutoka uliposimama, neno lako lilikurudia baada ya sekunde 0.2, mdomo ukiwa tayari kwenye neno jingine. Ucheleweshaji wa kiasi hicho hasa ndio unaowavuruga watu wengi zaidi. Mmarekani Bernard Lee aliueleza mwaka 1950: watu wasio na kigugumizi chochote, wakisikia sauti zao zimechelewa kwenye hedifoni, waliburuta maneno, wakarudia silabi, wakapaza sauti. Ndivyo ilivyokuwa kwako, hatua kwa hatua. Na la kustaajabisha, baadhi ya wenye kigugumizi husema kwa wepesi zaidi sauti zao zikicheleweshwa kidogo. Vipo hata vifaa vya kuwasaidia kwa njia hiyo.

Harusi ijayo wahi mapema. Mwombe fundi mitambo akuwekee spika ndogo miguuni, ikuelekee wewe, iwe na nguvu ya kuifunika ile ya mbali. Iunganishwe kwa waya, maana za Bluetooth nazo huchelewesha sauti. Ikikosekana, sema sentensi fupi, nyamaza, acha sauti ifike kwa wageni, kisha endelea. Majina yaandike kwenye karatasi, macho yako yabaki hapo. Usiisubiri sauti yako katikati ya jina. Na usishindane nayo kwa kupaza, kwa sababu ukipaza, inakurudia kubwa zaidi.

Mama usibishane naye. Siku ya kujaribu vyombo mchukue, msimamishe pale pale uliposimama, mpe maiki, umwombe ataje majina ya ndugu zake wote.