Kumzuia Mwenzio Katika Bao: Kula, Kulazimisha na Kutakasia

Nimeonelea vyema niandike katika gazeti letu la muhula huu juu ya jambo lililozusha mabishano mengi katika dakhalia yetu, nalo ni hili: katika bao la Kiswahili, ni ipi njia bora ya kumzuia mwenzio asiende atakako? Wengi wa Kidato cha Pili na cha Tatu husema ni kula tu. Alaye kete nyingi ndiye bingwa. Kwa sababu hiyo wamekwisha kuiacha kanuni ya kutakasia, wakidai kuwa ni ya wazee na yaleta ugomvi. Mimi nasema wakiiacha hiyo, wanachocheza si bao tena, ni kupokonyana kete.

Kwa wazazi wasiocheza, nieleze kidogo. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Twaanza kwa namua: kila mmoja ana kete 10 baoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 mkononi, azitiazo moja moja. Za mkononi zikisha, twaingia katika mtaji. Hushindwa yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au asiye na mchezo wowote wa kucheza.

Tuanze na kula. Kete zilizoliwa hazitoki mchezoni kama zitokavyo katika drafti. Zahamia upande wa mlaji, naye huzipanda katika mashimo yake kuanzia kichwani. Zote 64 zimo katika mchezo hata mwisho. Basi kula humpunguzia mwenzio nguvu na kukuongezea wewe, lakini hakumfungi. Mtu aliyeliwa kete kumi na tano aweza kuzirudisha kwa zamu moja, kwani hizo ulizozitandaza mbele ndizo atakazozila. Tena wadogo zetu husahau kwamba katika mtaji shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzishia kula. Mwenye kurundika sana ajizuia mwenyewe!

Njia ya pili ni kulazimisha. Katika bao, mwenye cha kula hana hiari, lazima ale. Na wakati wa namua, ukila katika kichwa au kimbi, yaani mashimo mawili ya kila mwisho wa safu ya mbele, yakupasa uanze kupanda kutoka kichwa cha upande ule ule. Ukila katikati ndipo wachagua kichwa. Kwa hiyo mchezaji stadi humwachia mwenzie kete mbili tatu kwenye kimbi ziwe chambo, na chambo hicho chamvuta upande asioutaka. Babu yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha, hunifanyia hivi kila likizo barazani kwetu Mkunazini, nami hula huku najua kwamba naongozwa. Kwa uzuri, hakuna njia ipitayo hii. Lakini yataka hesabu ndefu, na ukikosea hesabu umemlisha mwenzio bure.

Sasa kutakasia, ambako ni kwa wakati wa mtaji peke yake. Mchezaji asiye na cha kula hutakata, yaani hupanda kete zake bila kula. Tuseme mimi nimetakata. Nikimaliza, tunalitazama bao: wewe nawe huna cha kula, lakini mimi zamu ikinirudia nitaweza kula shimo lako moja, na ni moja tu. Shimo hilo limetakasiwa. Kwa zamu hiyo huruhusiwi kutakata kutoka humo, anzia jingine. Hata kete yako ya mwisho ikiangukia humo, mchezo wako waishia hapo, huchukui kete zake kuendelea.

Fikirini yatokanayo. Kwa kuwa huna cha kula, huwezi kugusa kete yangu hata moja. Kete zangu zikibaki kama zilivyo, hesabu yangu ni ile ile na kete yangu ya mwisho itaanguka pale pale nilipokusudia. Shimo lako nalo haliwezi kuwa tupu. Basi kabla hujanyanyua mkono, kula kwangu kumekwisha kuwa hakika. Tena huenda wewe mwenyewe, kwa kutakata kutoka pengine, ukaliongezea kete shimo hilo hilo nitakalolila.

Mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Maskati alituhadithia mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Kila mchezaji hujifanya mtu wa hadithi, na katika vitabu vya kwanza aina za watu zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mpiganaji hupunguza maadui kwa upanga. Mchawi aweza kulilaza kundi usingizi au kulinasa katika utando. Kasisi aweza kumgandisha mtu asitikisike. Nikaona ni mabishano yetu yale yale. Mpiganaji ndiye mlaji wetu, na kasisi ndiye mwenye kutakasia. Tofauti ni kwamba huko anayegandishwa hurusha dadu kutafuta bahati ya kujinasua. Katika bao hakuna dadu, na aliyetakasiwa hana bahati ya kutafuta.

Ugomvi watoka wapi, basi? Watoka kwa wale wanaodai wametakasia hali wana mashimo mawili ya kula, au hali mwenzao naye anacho cha kula. Hapo hakuna kutakasia. Vile vile nyumba ambayo mwenyewe bado anaimiliki haitakasiwi. Wala halitakasiwi shimo ambalo ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, au ndilo pekee katika safu hiyo lenye zaidi ya kete moja. Na mwenye kudai ndiye wa kuonyesha hesabu yake kwa kidole, shimo kwa shimo, kabla mwenzie hajacheza. Wazee hawahitaji hayo, kwani wote wawili wameliona jambo hilo zamani, sisi twayahitaji.

Kuanzia muhula ujao tutacheza kwa kanuni zote kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, katika ukumbi wa dakhalia. Bao letu ni moja, na kete zake zimebaki 61. Tatu tumezijaliza kwa vifungo vya shati. Mwenye kwao pwani kunakoota mikomwe na atuletee komwe tatu.