Makao mazuri hutambulikaje?

Swali: Kaka yetu mwenye ulemavu wa akili anahamia makao ya matunzo hapa Uingereza. Tutajuaje kama ni mazuri?

Jibu: Bei si kipimo. Hospitali binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili ya Winterbourne View, karibu na Bristol, ilitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilinasa wahudumu wakiwapiga na kuwadhalilisha wagonjwa. Wahudumu 11 walitiwa hatiani, sita wakafungwa.

Ndugu wa wagonjwa walikuwa wakizuiwa kufika wodini. Hiyo ni dalili mbaya kuliko zote.

Ripoti za wakaguzi wa CQC, tume ya ubora wa matunzo, zisomwe, ingawa wao hao walipuuza onyo la muuguzi wa Winterbourne. Familia ifike ghafla, jioni au Jumapili, ikione chumba cha kaka yenu, iulize wahudumu hudumu muda gani na nani huamua saa yake ya kulala.