Kifaranga wa Tausi Asiyekula: Joto Kwanza, Chakula Baadaye

Kwa miaka mingi Watanzania wengi waliwajua tausi kama ndege wa Ikulu. Mei 2020 Rais Magufuli aliwazawadia marais wastaafu tausi kutoka huko. Tausi mkubwa ni ndege sugu, anayelala juu ya mti na kuvumilia mvua. Kifaranga wake ni habari nyingine. Kijitabu hiki ni kwa mfugaji wa Tanga, Pangani, Muheza au Mkinga ambaye kifaranga wake amelegea na hataki kula.

Usihangaike siku ya kwanza

Yai la tausi huatamiwa kwa siku 28 hivi. Kabla ya kutoka, kifaranga huvuta kiini cha yai tumboni mwake, na akiba hiyo humtosha siku moja hadi mbili. Asipodonoa kitu siku aliyoanguliwa, mwache apumzike. Chukua hatua akifika siku ya tatu bado hajala, au mapema zaidi ukimwona amefumba macho, ameshusha mabawa na analia mfululizo.

Wengi hapo hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Dawa isiwe ya kwanza. Kifaranga mchanga asiyekula mara nyingi hana ugonjwa: ana baridi, au hajui chakula kiko wapi.

Baridi Tanga?

Ndiyo. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi joto 35, na mchana wa Februari mjini Tanga ni kama nyuzi 32 tu. Usiku wa masika, au upepo wa kusi unapovuma Juni na Julai, pengo linakuwa kubwa zaidi. Kifaranga aliyepoa hasagi chakula, hivyo kumlisha kabla ya kumpasha joto ni kumdhuru.

Mweke kwenye boksi lenye taa upande mmoja ili asogee mwenyewe akiona joto limezidi. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, umlaze kando yake. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua vifaranga, na linaweza kukuua na wewe. Akijikunyata na kulia, ana baridi. Akitweta na kutanua mabawa, punguza joto. Chini tandika gunia. Gazeti linateleza, na miguu ya kifaranga hutanuka kama ya chura asiweze kusimama tena.

Kagua pia mkundu wake. Kinyesi kikikauka na kuziba, kilainishe kwa maji ya uvuguvugu, ukifute polepole bila kuvuta manyoya.

Kumfundisha kula

Hapa ndipo tausi anapotofautiana na kuku. Kifaranga wa kuku hudonoa chini mwenyewe, lakini wa tausi hutazama mdomo wa mama yake na kuchukua chakula hapo. Aliyeanguliwa kwenye mashine anaweza kusimama juu ya chakula na bado ashinde na njaa.

Basi wewe uwe mdomo. Akishapata joto, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe. Usimmiminie kooni, maji yataingia kwenye mapafu. Kisha shika kwa kibanio kipande kidogo cha kiini cha yai la kuchemsha, au mchwa aliye hai, ukitikisetikise mbele ya macho yake. Kinachocheza ndicho anachokiona. Rudia kila baada ya saa moja au mbili mchana kutwa, ukigonga sakafu kwa ncha ya kibanio, na polepole ushushe chakula hadi chini.

Tausi mchanga anahitaji protini nyingi kuliko kifaranga wa kuku. Ongezea chakula chake cha dukani yai, mchwa na dagaa waliosagwa, lakini dagaa wa chumvi hawafai.

Kuku wa jirani

Pwani wengi huwaatamishia kuku mayai ya tausi. Kuku ni mama mwema, ila hubeba minyoo ambayo mayai yake yana vimelea vya ugonjwa wa ini. Kuku mwenyewe huenda asionyeshe dalili, ilhali tausi hufa. Usiwalee tausi kwenye uwanja wa kuku. Kinyesi cha njano kama kiberiti, au kuhara damu, si kazi ya sukari wala mchwa: muone afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Muulize pia kuhusu chanjo ya kideri.

Kifaranga akifa, usimtupe. Mfunge kwenye mfuko wa plastiki, mweke penye ubaridi bila kumgandisha, na umpigie afisa mifugo kabla siku haijaisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Tanga, na afisa huyo atakueleza mzoga upelekwe wapi kuchunguzwa ili waliobaki wapone.