Nyavu na Bahari Iliyofungwa

Mkulima wa Lugari au Likuyani ajua vema kwamba mahindi ya mbegu hayaendi jikoni. Wavuvi wa Pwani nao wana ghala ya mbegu, ila imo baharini, wala haina mlango.

Mwaka 1968 Serikali ilifunga sehemu za bahari huko Malindi na Watamu, na mwaka 1986 huko Mombasa. Ndani yake ni marufuku kuvua. Wavuvi walinung'unika, nasi hatuwalaumu, kwani mtu aliyepunguziwa shamba hashibi ahadi.

Sasa tutazame samaki wenyewe. Tafi jike aliye mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa pamoja. Wakiachwa wakue ndani ya mpaka, baadhi yao huvuka nje, na ndiyo sababu wavuvi hupenda kuvua karibu na mpaka huo.

Lakini juya, yaani wavu wa kukokota, huharibu kazi hiyo. Matundu yake ni madogo, nao huburura chini ukikumba watoto wa samaki pamoja na majani wanamojificha. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001. Jarife lenye matundu mapana humwacha mdogo apite.

Je, wewe mwenye bwawa la ngege hapa Kakamega, uige hayo? La! Ngege huzaa upesi mno. Wadogo wote wakiachwa, chakula hakitoshi, nao hudumaa. Wapunguze mara kwa mara, tena kwa wavu wa matundu madogo, ule ule usiofaa baharini.