Blichi ya Filamu Siyo Jik!

Umepata kamera ya filamu, na wewe na wenzako mnataka kusafisha filamu ya rangi wenyewe nyumbani. Safi sana. Lakini ukisoma maelezo unakuta dawa ya pili inaitwa blichi, na kule bafuni ipo chupa ya Jik. Unajiuliza, si ni kitu kilekile? Hapana, usijaribu.

Dawa ya kwanza hutoa rangi kwenye filamu, ila huacha pia chembe nyeusi za fedha. Blichi ya filamu huzigeuza chembe hizo kuwa chumvi ya fedha, kisha fiksa huiyeyusha. Kazi ya blichi ni hiyo tu. Jik yenyewe hula utando wa jelatini wenye picha, ukabaki na plastiki tupu! Hasara ya picha ni ndogo. Jik ikikutana na fiksa au blichi yenye amonia, hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu. Ikikutana na siki au tindikali, hutoa klorini. Chumbani mlango umefungwa, utakimbilia wapi?

Aina nyingi za blichi hutumia chuma kilichounganishwa na EDTA. Nyingine hutumia potasiamu ferisianidi. Hiyo usiichanganye na tindikali kali wala kuipasha moto nayo, maana inaweza kutoa gesi ya sianidi.

Sasa, utajuaje kama blichi yako bado ina nguvu? Siyo kwa kunusa! Chukua kipande cha filamu ya nyeusi na nyeupe kilichopigwa na mwanga, kisafishe mpaka kiwe cheusi tii, kisha kioshe. (Cha rangi kitakudanganya, kwani rangi zake hubaki.) Chovya nusu yake kwenye blichi yenye joto lilelile utakalotumia. Weusi unatakiwa upauke. Suuza, kisha kiweke chote kwenye fiksa: nusu uliyochovya itakuwa angavu kama kioo, nyingine itabaki nyeusi.

Katika utaratibu wa C-41, ulioanza mwaka 1972, muda wa kawaida wa blichi ni dakika 6 na nusu. Muda huo ukipita na weusi bado upo, blichi imechoka. Ile ya chuma na EDTA itikise ndani ya chupa yenye hewa nyingi; oksijeni huirudishia nguvu. Na kama filamu yako imetoka na rangi zilizofifia kwa sababu hiyo, usilie. Irudishe kwenye blichi nzima, kisha fiksa.

Vaa glovu, hasa kwa dawa ya kwanza. Ngozi ikishaikataa, utapata vipele hata kwa tone moja. Fungua madirisha, tena usitumie sufuria za kupikia wala chupa za soda. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali na chupa yenyewe ili daktari asome lebo.