Picha ya Mgonjwa Kundini

Mgonjwa mwenye kidonda kisichopona amelazwa wodini. Daktari wa zamu humpiga picha kwa simu yake, akaituma katika kundi la WhatsApp la wataalamu wenzake kuomba ushauri. Nia ni njema, na mara nyingi ushauri hupatikana upesi.

Hata hivyo, picha haikai ilipotumwa. Mipangilio isipobadilishwa, huweza kujihifadhi katika simu ya kila mwanakundi, na simu nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mtoto achezeaye simu ya mzazi wake sebuleni huweza kuikuta katikati ya picha za harusi. Mtumaji akiifuta baadaye, ufutaji huo hauzifikii nakala ambazo wengine wamekwisha kuzisambaza.

Wapo wanaodhani kuwa kufunika macho kwa mstari mweusi kunatosha. Hakutoshi, na Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imelieleza hilo bayana. Kovu la shavuni, pete, kanga aliyojifunga au namba ya kitanda humtambulisha mtu kwa jirani yake, hasa katika wilaya ambako watu wanajuana.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Aliyekubali kutibiwa hajakubali kupigwa picha. Aelezwe nani ataiona na kwa sababu gani, na ajue kuwa akikataa, matibabu yake hayatapungua. Akiridhia, kipigwe picha kidonda peke yake, bila uso, jina wala faili, kisha picha itumwe kwa mtaalamu anayehusika badala ya kundi zima.

Ndugu wa wagonjwa nao hawajasalimika. Mtu huja kumjulia hali shangazi yake, akampiga picha akiwa na mpira wa oksijeni puani, akaiweka mtandaoni pamoja na dua. Shangazi hakuulizwa, na nyuma yake anaonekana mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyejua lolote. Baya zaidi, pengine, ni kutangaza msiba mtandaoni kabla watoto wa marehemu hawajaambiwa.

Kero nyingine, iliyo ndogo, ni ujumbe wa usiku wa manane: “Shikamoo daktari,” kisha kimya, kisha picha ya upele isiyo na maelezo. Anayeomba msaada kwa simu na aandike umri wa mgonjwa, siku tatizo lilipoanza, dawa alizokwisha kutumia na zinazomdhuru. Mgonjwa akihema kwa shida, akitokwa na damu nyingi, akipoteza fahamu au akipata degedege, apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu, pasipo kusubiri alama za buluu zionyeshe kuwa ujumbe umesomwa.